Vipande vya Kuvukia Mto

Tarehe 6 Februari

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu zetu kwa mikono miwili, maana ni nyingi na mkono mmoja hautazibeba. Baba yako anakusalimu. Siku hizi yuko kwenye ukuta wa ghala, jioni anarudi na saruji mpaka kwenye nyusi, ukimwambia aoge anasema kesho itarudi palepale. Bibi yako anakusalimu, magoti yanamsumbua lakini mdomo ni mzima kabisa, haujapungua hata kidogo. Dada yako Kitinda anakusalimu kwa kununa, anasema ulimwahidi picha ya darasa lako na hajaiona. Jirani fundi viatu anakusalimu pamoja na mkewe, na yule mtoto wao uliyekuwa ukimbeba mabegani sasa ameng'oka meno ya mbele na anacheka na kila mtu ili tuone pengo. Hata cherehani yangu ingekuwa na sauti ingekusalimu, ila yenyewe ni kelele tu.

Mimi mama yako ni mzima. Nina mawazo tu, na hayo si ugonjwa.

Ulisema nitumie simu ya dada yako. Mwanangu, ile simu salio linakatika tukiwa bado kwenye salamu, na mimi salamu siwezi kuzikata. Barua naandika polepole, nikikosea nafuta, na jibu lako nalisoma mpaka karatasi inalegea.

Sasa nikuulize, na usinicheke. Watu hapa wananiuliza kijana wako anafanya kazi gani huko. Nasema mwalimu, na nasema kwa sauti. Wanauliza anafundisha somo gani, hapo sauti inapungua, maana wewe uliniambia watoto wa chekechea, na kwamba mnacheza. Juzi bibi yako alisema mbele ya wageni, "Huyu tulimtoa chekechea mdogo hivi, tukamsomesha mpaka ndevu zikaota, sasa amerudi palepale." Wageni walicheka. Baba yako akauliza tu, "Na kwa kuruka ruka huko wanamlipa?" kisha akaendelea kula.

Mimi sikucheka. Najua hukwenda kule kuruka ruka. Lakini nipe maneno, mwanangu, ili mtu akiniuliza nisikae kama niliyemeza maji. Unawafundisha nini wale watoto? Na lile jambo ulilosema, kwamba wamekuchukua muhula huu mmoja kwanza wakuangalie, limenikaa kifuani. Wanakuangalia kwa jicho gani? Wewe ni mwanaume peke yako kati ya walimu wote, na urefu wako huo. Wakikurudisha nyumbani baba yako atakutafutia kazi ya kuchanganya saruji, na mgongo wako siuamini.

Usiwaache watoto wakupande mgongoni. Kula vizuri. Nijibu mapema.

Mama yako


Tarehe 19 Februari

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Shikamoo ya baba, shikamoo ya bibi na magoti yake na mdomo wake. Kitinda mwambie picha inakuja, mpiga picha alikuja siku ambayo nusu ya darasa walikuwa wamejificha chini ya meza. Mimi ni mzima, nakula vizuri, na mgongo haujalalamika.

Swali lako ni la haki, mama. Ngoja nikuonyeshe.

Darasa langu lina madirisha mapana na viti vidogo sana. Nikikaa magoti yananifika kidevuni, walimu wenzangu bado hawajazoea, kila wakipita wanacheka. Nje kuna uwanja wa udongo ulioshindiliwa, ukuta upande mmoja, bomba la maji upande mwingine. Watoto wangu wana miaka minne, mitano. Kila mmoja kwao ni mfalme. Wiki ya kwanza walipoona bomba moja walilivamia wote, mmoja akatoka na mkono wa shati la mwenzake. Mkono tu, shati lilibaki kwa mwenyewe.

Mtoto wa umri ule ukimwambia subiri, umempa neno tu. Neno linapita. Mpaka miguu yake isubiri ndipo anajua kusubiri ni nini. Kwa hiyo tunacheza. Nachora mistari miwili ya chaki mbali mbali, katikati ni mto. Nawapa kikundi vipande vya gunia vya kukanyagia, na wote wavuke bila mguu kugusa maji. Wa mbele anatandika kipande, wa pili anamfuata, na yule wa nyuma kabisa anaokota kipande alichokiacha, anakipokeza mkono kwa mkono mpaka kifike mbele. Mguu mmoja ukilowa, wote wanarudi. Siku za kwanza walilowa kama bata.

Yuko mmoja nimemwita Komando. Huyo anaruka, anakimbia mbele, anajikuta katikati ya mto hana kipande cha kukanyaga, anaanza kuwafokea walio nyuma. Yuko mwingine, msichana, tunamwita Taratibu. Anaangalia kipande, anakiangalia tena, ndipo anainua mguu. Komando akiwekwa mbele ya Taratibu utadhani anakatwa kidole. Lakini juzi, mama, kikundi chao kilivuka. Wote. Taratibu ndiye alikuwa wa mwisho na alipokanyaga ng'ambo walipiga kelele mpaka mwalimu mkuu akatoka ofisini na kalamu sikioni akidhani kuna nyoka.

Ndiyo somo langu hilo. Kungoja zamu, kupokea zamu yako ikifika, na kufika pamoja. Mtu akikuuliza mwambie hivyo.

Si kila kitu ni tamu. Vipande vya gunia ni vichache kuliko watoto, wanavigombania, asubuhi hasa kuna vilio. Na baba yake Komando, mwenye duka la vifaa vya ujenzi karibu na stendi, yumo kwenye kamati ya shule. Alinisimamisha getini akaniambia, "Mwalimu, mwanangu alikuwa wa kwanza kwa kila kitu. Wewe unamfundisha kuchelewa." Kamati ndiyo itakayosema mwisho wa muhula kama nabaki au naondoka, na yeye sauti yake ni nzito kule.

Hilo usimwambie bibi, ataniimbia.

Mwanao


Tarehe 2 Machi

Mwanangu,

Salamu kutoka kwa wote uliowataja, na wote wamejibu shikamoo zako. Barua yako nimeisoma kwa sauti, chakula kikapoa. Bibi yako alicheka habari ya mkono wa shati mpaka akaomba maji. Ile ya mwenye duka nilipoikaribia nikakohoa nikairuka, usiwe na wasiwasi. Usiku nilimsomea baba yako peke yake.

Unajua alichosema? Alisema, "Kwani sisi tofali tunalipandishaje juu? Huyu anampa huyu, huyu anampa huyu. Anayetaka kukimbia na tofali lake tunamrudisha nyumbani." Akageukia ukuta akalala. Kesho yake nikasikia yuko kwa fundi viatu anaeleza habari ya mto wa chaki kama aliuchora yeye, mpaka anaonyesha kwa miguu. Baba yako huyo.

Na mimi sasa nina jibu. Wakiniuliza nasema anafundisha watu kuishi na watu, kabla hawajaharibika.

Lakini kuna kitu kimenichoma, mwanangu. Watoto kulia asubuhi kwa kukosa kipande cha gunia. Niliposoma hapo nilishindwa kuendelea na foronya za watu. Mabaki ya kitambaa kizito cha magodoro ninayo, yamejaa kwenye kapu. Basi nimekaa nimewashonea. Kila mtoto na chake, na vingine vya akiba wakiongezeka. Nimepinda kingo mara mbili visichanike, na kila kimoja nimekitia alama yake, hiki samaki, hiki kofia, hiki ua, ili wasichanganye, kila mmoja ajue hiki ndicho changu. Kitinda alichora, mimi nikashona. Kipimo nilichukua kwa mguu wa mtoto wa fundi viatu, tena akiwa na viatu, ili visibane.

Nimempa kondakta wa basi la asubuhi mfuko mwekundu, nimemwangalia usoni vizuri. Sasa hakuna atakayelia. Na huyo mwenye duka akija aone darasa lililotulia, kila mtoto ana chake.

Niambie kama vimefika, na kama wamefurahi.

Mama yako anayejivunia wewe


Tarehe 24 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Sisi hatujambo. Baba yako, bibi yako, Kitinda, fundi viatu na nyumba yake, wote wanakusalimu, na wote wananiuliza swali moja, nami sina la kuwajibu.

Je, mfuko mwekundu ulifika? Nilimfuata kondakta stendi, anaapa aliukabidhi shuleni kwa mkono wake kwa mama mmoja aliyekuwa na kalamu sikioni. Nikasema basi huyo ni mwalimu mkuu, umefika. Sasa mbona kimya? Unaumwa? Mgongo? Baba yako anasema mtu akinyamaza ana kazi. Mimi ninavyokujua wewe ukinyamaza una jambo. Tangu mdogo ukivunja kitu nyumba ilikuwa inatulia.

Au vipande ni vidogo? Au rangi? Kama ni wale samaki, najua wawili wametoka kama viatu, lakini mtoto haangalii hayo.

Au wameshakuondoa, na unaogopa kuniambia? Kama ni hilo rudi, mwanangu, chumba chako hakijapewa mtu. Niandikie hata mstari mmoja.

Mama yako


Tarehe 31 Machi

Mama,

Shikamoo. Nisamehe. Ni mzima, sijaondolewa, mfuko ulifika siku ileile. Nimeanza barua hii mara nyingi nikaichana, kwa sababu sikujua nikuambieje.

Kosa ni langu, niseme hilo kwanza. Nilikuandikia kwamba vipande ni vichache, nikasahau kukuandikia kwamba nimevifanya vichache makusudi. Uchache ndio mchezo wenyewe, mama. Kama huna cha kutosha unamhitaji mwenzako, ndipo unalazimika kumngoja.

Mwalimu mkuu aliufungua mfuko kabla sijatoka darasani. Alivipenda mno. Alipitisha kidole kwenye pindo akaniuliza nani kashona, nikasema mama yangu, na nilisema kwa sauti kama wewe. Akavigawa mwenyewe pale uwanjani, huyu samaki, huyu ua, akaondoka anatabasamu. Na ndiyo siku ambayo mwenye duka alikuja kutazama darasa.

Kila mtoto alisimama juu ya chake kama mwenye nyumba. Mto ukabaki pale. Hakuna aliyekuwa na haja na mwenzake. Komando akatazama kushoto na kulia, akamnyang'anya Taratibu ua lake, sasa akawa na viwili. Na mwenye viwili, mama, anavuka peke yake. Anakanyaga kimoja, anatupa kingine mbele, anageuka anaokota cha nyuma. Alifika ng'ambo, akainua mikono, akamtazama baba yake. Baba yake akapiga makofi. Taratibu alikuwa amekaa chini katikati ya maji ya chaki, ananyonya mkono wa sweta.

Yule baba alinipita akasema, "Unaona? Akiachiwa vyake anafika." Akaenda kuyasema hayohayo kwenye kamati. Wakanipa mpaka siku ya wazazi, tarehe 16 Aprili, waje wote watazame, kisha wakae waamue.

Nilivikusanya vipande vyako, nikaviweka darasani, ndivyo wanavyokalia wakati wa hadithi, na wanavipenda. Uwanjani nikarudisha magunia yangu machache. Komando alisusa. Nikamwacha avuke na vipande viwili vya gunia kila siku, peke yake, wenzake wakivuka kikundi. Alikuwa anafika mapema, anasimama ng'ambo, anangoja. Siku ya nne akaniita kwa sauti, "Mwalimu, huku hakuna mtu." Aliwatazama wenzake walivyokuwa wanacheka katikati ya mto, wanashikana wasianguke, halafu akarudi. Akampa Taratibu kipande kimoja. Siku hiyo walilowa wote, lakini hakuwafokea.

Hilo baba yake hakuliona. Aliona lile la makofi tu.

Usije siku hiyo, mama, njia ni ndefu na nikikuona nitasahau hata majina ya watoto.

Mwanao


Tarehe 7 Aprili

Mwanangu,

Salamu za nyumbani zote, leo nazifupisha, utanisamehe.

Barua yako ilinifanya nikae kwenye cherehani bila kushona, mguu uko juu ya kanyagio, gurudumu limesimama. Kitinda akaniuliza mama kuna msiba. Nikamwambia hapana, kuna vitambaa.

Mimi nilitaka asilie hata mmoja. Ndivyo nilivyowalea nyie wawili. Wewe na dada yako hamkuwahi kugombea kikombe kwa sababu nilihakikisha vikombe ni viwili, cha bluu na cha kijani, na mkate nilikuwa nakata mbele yenu muone vipande vimelingana. Nilidhani kugawa ni huko. Bibi yako nilipomweleza alicheka, akasema, "Umemshonea yule mtoto mashua ya kumtoroka mwenzake." Na mimi nikacheka, nilipomaliza kuona aibu. Ila mishono ilikuwa imara. Hilo hata kamati haiwezi kulikataa.

Huyo mtoto aliyesema huku hakuna mtu, nimemfikiria sana. Nimemsomea baba yako mara mbili. Alitaka ya tatu.

Sasa sikiliza. Nimekusikia uliposema nisije. Nakuja. Baba yako ameshanikatia tiketi na amenipigia viatu rangi, mwenyewe. Nitakaa nyuma kabisa, sitakuita, sitapunga mkono, wala sitamwambia mtu nimekuzaa. Nikiona unatokwa jasho nitaangalia pembeni.

Mama yako


Tarehe 18 Aprili

Mwanangu,

Nimefika salama, miguu imevimba kidogo kwa kukaa kwenye basi. Wote nimewakuta wazima. Baba yako alikuwa stendi tangu basi halijaingia, anajifanya alipita tu. Bibi yako aliniuliza maswali mpaka nikala nimesimama. Kitinda ameibandika picha ya darasa ukutani, na wewe umechuchumaa pale katikati lakini bado unawazidi.

Usishangae barua imekuja upesi hivi wakati juzi tu tulikuwa pamoja. Kuna jambo lilitokea baada ya kuniacha, na nisipoliandika leo sitalala.

Kwanza nikuambie la siku ya wazazi, maana jioni ile ulikuwa umechoka na mimi nilishindwa kusema. Nilikaa nyuma kama nilivyoahidi. Nilikuona unainama na urefu wako huo unamnong'oneza mtoto sikioni, na mtoto anaitikia kwa kichwa kama mtu mzima aliyepewa kazi. Niliwaona wakivuka. Nilimjua Komando bila kuonyeshwa. Alikuwa mbele, amesimama kwenye gunia kwa mguu mmoja, anatetemeka, mkono uko nyuma unangoja kipande kifike, na kipande kiko kwa Taratibu, naye anakiangalia kwanza. Pale nilijikuta nimeshika mkono wa mama wa watu aliyekaa karibu nami. Walipofika alinirudishia mkono wangu akasema pole. Wazazi walipiga makofi, si wote. Yule mwenye duka, nilimtambua kwa jinsi watu walivyokuwa wanampisha, alikuwa amekunja mikono tangu mwanzo. Aliondoka kabla ya vinywaji. Nililala kwako roho iko juu, nikijifanya nimelala.

Basi jana mchana uliponisindikiza mpaka kona, ukarudi kwenye kikao chenu cha walimu, nikafika stendi nikaambiwa basi bado. Nikakumbuka cherehani inataka skrubu ya mguu. Nikaona duka kubwa la vifaa vya ujenzi, nikaingia. Naapa sikufikiria ni lake. Niligundua nimeshaingia.

Mwanangu, nilikuta watu wazima wameshika kamba. Wanaume, mafundi, wamesimama mstari mmoja kuanzia kaunta mpaka mlangoni, wote wameshika kamba moja ya katani kwa mkono mmoja, wametulia. Juu ya ndoo ya rangi iliyofunikwa amesimama Komando wako, na sare za shule bado.

Akaniambia, "Bibi, shika kamba."

Nikashika. Ungefanya nini? Aliyehudumiwa anaachia, kamba inavutwa, wote mnasogea hatua moja. Huwezi kumruka mtu maana mkono wako uko kwenye kamba na yeye anaona.

Akaingia fundi bomba mbio, suruali imelowa mpaka magotini. "Naomba koki ya nusu, haraka, kuna nyumba inajaa maji."

"Shika kamba," akasema Komando.

"Mtoto wewe, kuna watu wanaelea huko."

Komando akaiangalia ile suruali. Halafu akatugeukia sisi kwenye kamba. "Nyumba yake inajaa maji. Mnampa zamu?" Akasubiri. Tukasema tunampa, kila mmoja kwa sauti yake, mmoja wa mbele akanung'unika akaambiwa na wenzake anyamaze. "Haya pita," akasema Komando, "lakini sema asante kwa wote." Na lile libaba lenye ndevu likageuka likasema asante kwa wote.

Nikamsikia mwenye duka anacheka peke yake huku anapima misumari. Akaniona ninavyomwangalia mwanawe. Akasema, "Usishangae, mama. Wiki hii yote ndivyo tunavyouza. Siku ya kwanza niliiondoa hiyo kamba. Wateja wakaniuliza iko wapi. Zamani hapa aliyekuwa na kiwiko kikali ndiye aliyekuwa ananunua, wazee walikuwa wanaondoka mikono mitupu."

Nikamuuliza, "Amefundishwa na nani?" Sauti yangu niliishika kwa nguvu zote.

"Ana mwalimu wake kule chekechea, kijana mmoja mrefu kama ngazi. Nilikuwa sipatani naye." Akaifunga misumari kwenye gazeti, akampa mtu. "Jana jioni tulikuwa na kikao cha kamati. Nilikwenda nimejiandaa kusema aende zake. Kufika zamu yangu ya kusema nikajikuta nasema abaki. Si kwa muhula, abaki kabisa. Wenzangu wakanitazama kama nina homa. Wamekubali wote, mwalimu mkuu atamwambia Jumatatu." Kisha akaongeza, "Lakini siku ya michezo mbio nazitaka. Mtoto lazima akimbie pia."

Nilitaka kunyamaza, mwanangu. Nilikuahidi sitamwambia mtu. Lakini ahadi ile ilikuwa ya siku ya wazazi, na hii ilikuwa siku ya pili yake. Nikasema, "Kijana huyo mrefu kama ngazi nimemzaa mimi."

Mwenye duka akaweka chini mizani. Akanisalimu upya, shikamoo kamili, akafuta kaunta kwa mkono wa shati lake. "Mama, pita mbele, pita. Unahitaji nini?"

Na Komando, juu ya ndoo yake, hata hakunitazama. "Baba, bado zamu yake."

Watu walicheka mpaka kamba ikatikisika. Mwenye duka naye akacheka, akaokota mizani, akamwita wa mbele. Huko nje basi langu lilikuwa limeingia, linapiga honi, kondakta anataja mji wetu. Mbele yangu walikuwa wamebaki wanaume kadhaa, mmoja alitaka mabati, na mabati huhesabiwa polepole. Sikuachia kamba. Nilisimama nikasogea kila waliposogea, na katika maisha yangu yote sijawahi kungoja kitu kwa raha namna ile. Skrubu nilipata. Basi lilinisubiri, maana kondakta ndiye yule wa mfuko mwekundu na kumbe anaogopa macho yangu.

Baba yako nimemweleza njia nzima kutoka stendi. Tulipofika mlangoni kwa fundi viatu akasimama akaniambia, "Mwambie na huyu," akakaa kwenye kigoda kusikiliza tena. Bibi yako anasema alijua tangu zamani, usimbishie.

Sasa mimi nimelijua jambo lako kabla yako, na sijui barua hii itafika kabla ya Jumatatu au baada. Kama ni kabla, jifanye hujui, usimwaibishe mwalimu mkuu. Akikuita, ukitoka ofisini kwake, chukua karatasi uniandikie palepale kabla hujavua hata viatu, maneno yake yote kama alivyoyasema, maana la mwenye duka nimelisikia lakini mpaka nilione kwa mwandiko wako moyo hautatulia. Upesi, mwanangu, basi la asubuhi linaleta barua.

Mama yako